Punda Aliyemngoja Mgeni Rasmi

Ipo nchi moja, ambayo jina lake nitalimeza kwa sababu wenyewe ni wepesi wa kununa, iliyoendelea kuliko nchi zote duniani kwa jambo hili tu: huko hakuna kitu kinachotumika kabla hakijazinduliwa. Najua kila nchi huzindua. Lakini kwingineko watu hupita juu ya barabara mwaka mzima ndipo waziri anakuja kuifungua, kitu cha aibu kabisa. Huko, daraja likikamilika hufungwa utepe mwekundu ncha zote mbili, na wananchi huendelea kuvuka mto kwa miguu chini yake, nguo wamejitwika kichwani, wakiliinulia macho daraja lao kwa fahari. Zahanati mpya hufungwa utepe, na wajawazito hujifungulia nje ya ukuta wake, upande wenye kivuli. Nimewahi kuona bomba la maji lenye utepe likidondosha tone mojamoja, na askari kasimama kando yake kuhakikisha hakuna anayekinga.

Mimi nimekaa huko miaka mingi nikikodisha mahema na viti vya plastiki, kwa hiyo msidhani nasimulia ya kuambiwa. Hakuna uzinduzi wa maana uliofanyika bila viti vyangu. Nayaheshimu sana mambo ya wakubwa, na mkinisikia nacheka mahali fulani katika hadithi hii, ni kikohozi.

Sheria yao ya Uzinduzi ni fupi na nzuri. Inasema kitu kimezinduliwa pale utepe unapokatwa na wananchi wakapiga makofi, na kikishazinduliwa hakifungwi tena, hata mkuu wa nchi aamuru. Nani akate huo utepe, sheria haikutaja, kwa sababu waheshimiwa walioitunga hawakuweza kumfikiria mtu mwingine zaidi yao. Tena inasema kiongozi akishapanda jukwaani na kuzindua, hashuki mpaka apigiwe makofi, kwani kushuka kimyakimya ni kujiuzulu. Waziri mmoja wa Mifereji alizindua mfereji, mvua ikamwagika, watu wakatimua mbio, naye akatimua. Alifika nyumbani kalowa chapachapa na si waziri tena. Tangu siku hiyo watoto wa nchi ile hufundishwa kupiga makofi kabla ya kufundishwa kusoma, na wengi huishia hapohapo kwa kuwa yanatosha.

*

Sasa katika Mtaa wa Machimbo aliishi mama mmoja mtu mzima, Bi. Sikudhani binti Farjala. Hakuwa na mtoto. Alikuwa na punda jike aitwaye Mwendapole, na kwa punda huyo mmoja alianza kubeba maji, akaja kubeba mawe ya kujengea, akapata mkokoteni, akapata kiwanja, akajenga nyumba, na nyuma ya nyumba akapanda shamba zima la matete, yale majani marefu wanayoyapenda ng'ombe na punda. Watu wakimsifu kwa nyumba yake alikuwa anakasirika.

"Mnanisifu mimi kwa lipi?" alikuwa akisema. "Kila jiwe mnaloliona hapa limepita mgongoni mwake. Msifuni yeye."

Aliyekuwa akimsaidia kumtunza punda ni Chausiku Mbaruku, mwanamke mjane wa makamo, mwenye maneno machache na mundu wa kukatia majani ambao haukuwahi kutoka kiunoni. Bi. Sikudhani alipoona safari yake imekaribia, alimwita Chausiku kitandani.

"Chausiku mwanangu, huyu asibebe tena hata kikapu cha mboga."

"Hatabeba, bibi."

"Na wale wa ngozi wasimtie machoni."

"Nikiwa hai, bibi, hawatamwona."

Wale wa ngozi ni wafanyabiashara wanaozunguka na lori kununua punda wazee. Humchuna punda, na ngozi husafirishwa ng'ambo ikachemshwe iwe dawa ya kuwarudishia ujana watu wenye uwezo. Ni biashara inayotambuliwa na Serikali, kwa hiyo sina neno.

Baada ya mazishi Wakili Zebedayo Lukindo alisoma wosia mbele ya majirani. Ulikuwa mfupi. Nyumba na shamba la matete viwe amana, yaani mali inayoshikwa na mtu mmoja kwa faida ya mwingine. Anayeshika ni Chausiku. Anayefaidika ni Mwendapole: ale, alale pakavu, asiuzwe, mpaka atakapokufa mwenyewe kwa uzee. Majirani walicheka kidogo, wakafuta machozi, wakaenda zao. Mwendapole aliendelea kula matete yake, na mambo yangeishia hapo kama Wakili Zebedayo asingekuwa mtu mwaminifu. Kesho yake aliupeleka wosia wizarani ukasajiliwe.

*

Wizara yenyewe ilikuwa Wizara ya Amana, Urithi na Viumbe Visivyosema. Ilikuwa na jengo, walinzi na magari, ila haikuwahi kupata kiumbe hata kimoja. Waziri, Mheshimiwa Salvatori Ngonde, alipoletewa habari ya punda aliyeachiwa amana, inasemekana alisimama kitini akamkumbatia katibu wake. Jioni hiyohiyo alilihutubia taifa.

"Ndugu wananchi!" alisema. "Mataifa makubwa yana punda, hilo hatukatai. Lakini nauliza, yana Bodi ya Punda? Serikali yenu sikivu imekisikia kilio cha wale wasiolia. Natamka rasmi kwamba kuanzia leo, katika nchi hii, hakuna punda atakayelala na njaa bila Serikali kuwa na taarifa!"

Basi ikaundwa Bodi ya Wadhamini ya Amana ya Mwendapole. Wajumbe walikuwa wengi kuliko mbavu za punda mwenyewe, ingawa baadaye mbavu hizo zilikuja kuonekana vizuri zaidi kuliko wajumbe. Mwenyekiti akawa Profesa Telesfori Makwinya, msomi aliyeandika tasnifu nzito juu ya punda na hajawahi kumgusa hata mmoja, maana manyoya humletea chafya. Bodi ilihitaji ofisi, ikachukua nyumba ya Bi. Sikudhani. Chausiku akahamishiwa bandani kwa punda, na punda, kwa kuwa banda lilikuwa dogo, akahamishiwa uani.

Kisha walikuja mafundi wenye uzio. Walilizungushia shamba la matete, wakaweka lango, na kwenye lango wakafunga utepe mwekundu mpana wenye ua katikati.

Mwendapole alikwenda langoni asubuhi ileile kama alivyozoea. Akasukuma kwa pua. Lango halikufunguka. Akasimama akimtazama Chausiku, na Chausiku akaenda kumtafuta Profesa.

"Mheshimiwa, punda anataka kula."

"Vizuri sana," Profesa alisema. "Hamu ni dalili njema. Tutamwomba Mheshimiwa Waziri aje kuzindua."

"Lakini humo ndimo anamokula siku zote. Hata jana kala."

"Mama, jana alikula kienyeji. Tunataka ale kitaasisi." Alivua miwani akaifuta, jambo alilolifanya kila alipoona mtu haelewi. "Hili sasa si shamba la matete. Ni Mradi wa Lishe ya Mnufaika. Mtu akitoa humo hata jani moja kabla ya uzinduzi, amezindua bila mamlaka, na hilo ni kosa la jinai."

"Na leo ale nini?"

"Leo avute subira."

"Atavuta mpaka lini, mheshimiwa? Huyu mzee."

"Mpaka Mheshimiwa apate nafasi," alijibu Profesa, na kwa kweli alijibu kwa upole kabisa.

*

Mheshimiwa Ngonde hakuwa mtu wa kukaa bure, tusimwonee. Mara ya kwanza aliyopangiwa alikuwa anazindua saa ya ukutani ya bungeni. Mara ya pili alikuwa anazindua masika, ambayo yalikuwa yameshaisha. Mara ya tatu mahema yangu yalikwisha simama na watu wamekwisha kaa, ikaja simu kwamba amekwenda kuzindua kitabu cha hotuba zake za uzinduzi. Kila mara utepe ulibadilishwa ukafungwa mpya, kwa kuwa jua hufifisha rangi. Mwendapole hakubadilishwa.

Chausiku alianza kutoka na mundu wake kukata nyasi za kando ya barabara. Alikuwa akirudi na furushi kichwani, anamlisha punda mkononi, kidogokidogo, maana meno yalikuwa yamechoka. Hazikutosha lakini zilimweka hai. Bodi iliposikia iliitisha kikao cha dharura.

"Mnufaika wa amana ya taifa anakula majani ya mtaroni!" Profesa alipaza sauti, akapiga chafya, kwa sababu Chausiku alikuwa amesimama mlangoni na manyoya ya punda kwenye khanga. "Wageni wakimpiga picha tutaficha wapi nyuso zetu? Mama, kuanzia leo tunakukataza. Unaidhalilisha Serikali."

"Basi mfungulieni lango."

"Umeanza tena."

Wakaweka askari uani, kijana mwenye fimbo, wa kuhakikisha mnufaika halishwi ovyo. Na ili wasionekane watu wasiojali, wakaandaa semina ya kitaifa juu ya hali ya mnufaika, kwenye hoteli moja nzuri iliyo kando ya ziwa. Mimi nilipeleka hema moja kubwa la chakula na moja dogo la majadiliano. Nilishuhudia kwa macho yangu jinsi wajumbe walivyojitoa. Walichunguza suala la njaa kabla ya kifungua kinywa, wakalirudia baada ya chai ya saa nne, wakalijadili kwa uchungu juu ya samaki wa kuchoma, na mjumbe mmoja alizidiwa na hisia akashindwa kumaliza sahani yake ya tatu.

Siku ya kufunga semina matokeo yalisomwa. Baada ya kupima ushahidi wote, Bodi imebaini kwamba punda ana njaa. Mjumbe mmoja aliomba neno njaa liondolewe kwa kuwa lina ukali, likaondolewa, pakawekwa "ulaji ulioahirishwa". Tulipiga makofi ya kishindo, mimi nikiwemo.

*

Hatimaye Mheshimiwa akapata nafasi ya kweli. Siku ikatangazwa, mtaa ukafagiliwa, mawe ya njiani yakapakwa chokaa. Hapo ndipo Profesa Makwinya alipotoka nje, kwa mara ya kwanza, kumtazama mnufaika. Mwendapole alikuwa amesimama akiegemea ukuta aliouleta mwenyewe jiwe kwa jiwe. Profesa alirudi ndani haraka akaita kikao, na Chausiku akaitwa kama mwalikwa asiye na haki ya kusema.

"Hatuwezi kumsimamisha yule mbele ya mgeni rasmi," alisema. "Itaonekana kana kwamba amana haifanyi kazi."

"Haijaanza kufanya kazi, Mwenyekiti," katibu wa Bodi alikumbusha.

"Ndiyo maana isionekane."

Ikaamuliwa ateuliwe Kaimu Punda. Alipatikana siku hiyohiyo, dume kijana kutoka kwa wauza kokoto, manyoya yanang'aa, masikio yamesimama kama ya mtu aliyeahidiwa cheo. Alipewa banda la Chausiku, na pumba safi kila asubuhi. Chausiku alipoona pumba akauliza, ingawa hakuwa na haki ya kusema, kwa nini huyu anakula kabla ya uzinduzi.

"Kwa sababu Kaimu si mnufaika," katibu alimweleza. "Ni mtumishi. Watumishi wote wa amana hula kabla ya uzinduzi. Hata sisi."

"Basi mwajirini na Mwendapole."

Wajumbe walitazamana kwa mshtuko. "Mnufaika ajiajiri kwenye amana yake mwenyewe? Huo si mgongano wa maslahi, mama?"

"Sasa yeye mnamfanya nini?"

"Atastaafishwa kwa heshima zote," Profesa alisema, na macho yake yakaenda dirishani.

"Atastaafia wapi?"

"Kuna wadau."

"Wadau gani?"

"Wa sekta ya ngozi," Profesa alisema haraka. "Watakuja na lori siku ya uzinduzi, sherehe ikiisha. Na usitutazame hivyo. Kitakachopatikana hakiingii mfukoni mwa mtu. Kinaingia chote kwenye amana, kuboresha huduma kwa mnufaika."

Chausiku aliyapanga maneno hayo kichwani. "Yaani mnamuuza punda ili mpate cha kumtunzia punda."

"Haswa!" Profesa alifurahi, akamgeukia katibu. "Umeona? Watu wetu wakielimishwa wanaelewa."

Hapa naomba niweke heshima yangu pembeni kidogo. Nilikuwa nje ya dirisha nikipima mahali pa kusimika jukwaa, na niliyasikia hayo yote, na nilitamani kuwaangushia hema. Sasa nairudisha heshima yangu, tuendelee.

Chausiku aliwaza kutoroka na Mwendapole, lakini punda hakuweza tena kufika hata mwisho wa mtaa, na askari wa fimbo alikuwa palepale uani. Akaenda kwa Wakili Zebedayo. Wakili alikuwa amekonda naye, kwa majuto.

"Dada yangu, sheria iko hivi," alimwambia. "Amana ikishazinduliwa, wosia ndio unaotawala, na Bodi haina tena sauti. Na mnufaika ni yule anayekula fungu la kwanza la majani. Ila kabla ya kuzinduliwa, wanaweza kufanya watakalo."

"Na fungu la kwanza atapewa nani?"

"Ratiba inasema Mheshimiwa atamlisha Kaimu kwa mkono wake mwenyewe."

"Na Mwendapole akishapandishwa lori?"

Wakili alifunga kitabu chake cha sheria. Chausiku alimshukuru, akarudi uani, akakaa karibu na kichwa cha punda wake akimkuna katikati ya masikio. "Bibi alinipa neno moja tu, mama," alimwambia. "Moja tu, na linanishinda." Kisha alilia, na askari wa fimbo akajifanya anaangalia barabarani.

*

Siku ya uzinduzi viti vyangu vilijaa asubuhi na mapema. Watu walikuwa wameagizwa wafike saa moja ili mgeni rasmi awasili saa tatu. Saa tatu ikapita. Saa tano mshereheshaji, jamaa mwenye suti inayometameta, alikwisha tuimbisha nyimbo zote anazozijua na akaanza kuzirudia. Saa sita jua lilikuwa utosini. Kaimu Punda alikuwa kivulini, kavikwa kitambaa cha rangi za taifa, anatafuna pumba. Mzee Farahani, fundi saa wa mtaani, alikuwa amesinzia mstari wa mbele, kidevu kifuani.

Lori la ngozi nalo lilikwisha fika, likaegeshwa nyuma ya jukwaa. Mwenye lori alikuwa mtu wa haraka.

"Bosi, mimi nina njia ndefu," alimwambia Profesa. "Nipe mzigo wangu niondoke. Huyu wa kwenu akinifia hapahapa nitachuna nini?"

Profesa alitazama saa. Akatazama barabara, ambayo haikuwa na dalili ya msafara. "Mchukue," alisema. "Mama! Mlete huyo mstaafu."

Chausiku alimshika Mwendapole kamba, wakaanza kutembea. Kutoka ukutani hadi kwenye lori, njia ilipita mbele ya lango la matete. Punda alipofika hapo alisimama. Hakusimama kwa ukaidi, alisimama kwa mazoea, kama asubuhi zote za maisha yake. Akanyoosha shingo akanusa ule utepe.

"Msukume!" mwenye lori alifoka. "Sukuma, mama, tunachelewa!"

Chausiku alitazama lori, halafu akatutazama sisi tuliokuwa tumekaa. Nilidhani atatuomba kitu, nikainamisha macho. Hakuomba. Alichomoa mundu kiunoni.

"Jamani, majirani," alisema, na sauti yake haikuwa kubwa. "Mgeni rasmi hakuja. Lakini mwenyeji nipo."

Akaukata utepe.

Profesa alikuwa ndiye wa kwanza kuelewa, akapiga mbio kuja mbele, mikono juu. "Msipige makofi!" alipiga kelele. "Ndugu wananchi, nawasihi, mtu yeyote asipige makofi!"

Sasa Mzee Farahani, katika usingizi wake, hakusikia maneno yote. Alisikia "ndugu wananchi" na alisikia "makofi". Aliyafanya yale aliyoyafanya tangu utotoni. Alipiga makofi macho yakiwa bado yamefumba, na jirani yake alipomsikia akapiga, na mstari wa mbele ukapiga, na mstari wa nyuma haujawahi kukubali kupitwa na mstari wa mbele. Watu wakasimama. Mshereheshaji mwenyewe alishika kipaza sauti akasema, "Makofi hayo hayatoshi, jamani!" kisha akakumbuka, akaziba mdomo. Yalikuwa makofi makubwa kuliko yote niliyowahi kuyasikia, na nusu ya waliopiga hawakujua wanapigia nini. Nusu nyingine walijua.

Chausiku alisukuma lango, akakata fungu la matete, akamwekea Mwendapole mdomoni. Punda alitafuna. Alitafuna polepole, kama mtu anayejaribu kukumbuka jina.

"Amekula!" Wakili Zebedayo alipaza sauti kutoka nyuma, amesimama juu ya kiti changu kwa viatu. "Fungu la kwanza limeliwa! Amana imezinduliwa, wosia unatawala! Mwenye lori, huyo ukimgusa unakamatwa!"

Mwenye lori alisonya, akapanda, akaondoka. Kaimu naye alikata kamba akakimbilia langoni na kitambaa chake cha taifa. Profesa alitaka azuiwe.

"Mwacheni ale," Chausiku alisema. "Naye ana tumbo."

*

Nilidhani mambo yamekwisha, nikaanza kupanga viti. Lakini jioni ile nilipokuwa napita karibu na zahanati nilikuta kundi la wanawake mlangoni, na mmoja wao, tumbo mbele, ameshika kisu cha jikoni. Akakata utepe. Wenzake wakapiga makofi. Wakaingia. Kesho yake wanafunzi waliukata wa daraja kwa wembe wa kuchongea penseli, wakapigiana makofi wenyewe, wakavuka wamevaa viatu. Bomba la maji lilizinduliwa na yule yule askari aliyekuwa akililinda, na aliyempigia makofi ni mke wake, ambaye inasemekana alimwahidi kutompikia tena asipolizindua.

Serikali ilishtuka. Kufunga tena haikuweza, sheria ni sheria. Ilifikiria kupiga marufuku mikasi, vinyozi wakagoma, na mawaziri wakaanza kuota nywele masikioni. Ndipo Mheshimiwa Ngonde alipopata wazo la kiungwana. Kama vitu vimezinduliwa bila Serikali, basi Serikali itauzindua huo uzinduzi wenyewe. Akachagua mahali ulipoanzia, Mtaa wa Machimbo, mbele ya lango la matete. Safari hii alifika saa tatu kamili. Nilifunga mahema yangu mapya kabisa.

Alipanda jukwaani, ua kifuani. Alihutubia sana. Alisema Serikali ndiyo iliyobuni mundu. Alisema makofi yale ya awali yalikuwa ya majaribio na yalifadhiliwa na Wizara. Kisha akaletewa mkasi juu ya mto wa hariri, akaukata utepe uliofungwa hewani baina ya nguzo mbili, mahali ambapo hapakuwa na kitu cha kufungua.

"Nimezindua!" alisema, akatabasamu, akangoja.

Hakuna aliyepiga makofi.

"Nimesema nimezindua," alirudia.

"Makofi, jamani!" mshereheshaji aliomba. "Ya kusimama! Hata yale ya kawaida!"

Watu walikuwa wamekaa kimya kwenye viti vyangu, wengine wameikalia mikono yao. Mzee Farahani alikuwa amesinzia tena, lakini mkewe alikuwa kamshika viganja vyote viwili, kavibana. Mbele, Chausiku alikuwa ameketi na mundu wake mapajani. Kimya kilikuwa kikubwa kiasi kwamba tulimsikia Mwendapole, ndani ya uzio, akitafuna. Mheshimiwa alinyanyua mguu ashuke, akaikumbuka sheria, akaurudisha. Baadaye kidogo watu wakainuka mmojammoja, wakaaga kwa adabu, wakaenda zao.

Mwendapole sasa amenenepa, na Chausiku amerudi ndani ya nyumba. Bodi imehamia bandani, inaendelea na vikao. Mahema yangu nimeyakusanya yote isipokuwa lile la jukwaani, ambalo nimemwachia Mheshimiwa kwa huruma, maana mvua zimeanza tena na hazikumngoja mtu. Bado amesimama pale, ua limenyauka kifuani, anawachekea wapita njia. Nao wanampitia kila asubuhi wakitoka bombani, wanamsalimia shikamoo kwa heshima zote, mikono yao miwili imeshika ndoo.